Shajara ya mradi: kuzuia programu za mfumo zisijifungue zenyewe

Lengo na mipaka ya kazi

Mradi huu una lengo moja: mtu anapowasha kompyuta na kuingia katika akaunti yake, asikute mbele yake dirisha ambalo hakuliomba. Kompyuta ninazozihudumia ni za matumizi ya pamoja. Nyingi zinaendeshwa na Windows 11, chache na macOS, na iliyobaki ina Linux yenye mazingira ya GNOME (madirisha na menyu anavyoviona mtumiaji). Zote zilifika zikiwa na programu zilizowekwa tangu kiwandani: ya mazungumzo ya video, ya picha, ya muziki, ya kuhifadhi faili mtandaoni, kivinjari, duka la programu, na nyingine ambazo watumiaji wengi hawajawahi kuzigusa. Kuwepo kwa programu hizo hakunisumbui, kwa kuwa baadhi yake ni nzuri na zina watu wanaozihitaji. Kinachonisumbua ni kwamba zinajifungua bila mtu kuziita.

Miongoni mwa watumiaji yumo mmoja asiyeona, ambaye hufanya kazi kwa msaada wa programu inayomsomea skrini kwa sauti. Mtu anayeona akitokewa na dirisha jipya hulifunga akaendelea. Yeye hukatizwa katikati ya sentensi, herufi anazoziandika huanza kuingia katika dirisha asilolijua, na humbidi aanze upya kutafuta mahali alipokuwa. Zipo pia kompyuta zenye kumbukumbu ya GB 4 tu, ambazo programu kadhaa zikianza kwa pamoja huifanya mashine iwe nzito kabla mwenyewe hajafungua hata faili moja. Kwa hiyo siuhesabu usumbufu huu kuwa jambo dogo la kuvumiliwa.

Nimejiwekea mipaka mitatu. Sitagusa kinga dhidi ya virusi, masasisho ya usalama, madereva ya vifaa (programu zinazoviendesha vifaa) wala zana za watu wenye ulemavu, hata kama nazo huanza zenyewe. Kila badiliko litakuwa la kurudishika, na litaandikwa humu pamoja na njia ya kulirudisha. Na pale ambapo mfumo wenyewe umeweka swichi ya kuzima jambo fulani, nitaitumia swichi hiyo kwanza kabla ya kuingia kwenye sehemu za ndani.

Nimekataa tangu mwanzo njia moja ambayo hupendekezwa mara nyingi, yaani kuweka programu ndogo inayosubiri dirisha lisilotakiwa litokee kisha ilifunge. Kwa njia hiyo dirisha huwa limeshafunguka, kibodi imeshahamishwa na kumbukumbu imeshatumika. Tena kompyuta inabaki na programu moja zaidi inayojiwasha. Hakuna programu inayojifungua kwa hiari yake. Daima lipo jambo lililoiita: maandishi katika rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), ratiba, huduma (programu ya chinichini isiyo na dirisha), kifaa kilichochomekwa, au programu nyingine. Kazi yangu ni kumtafuta huyo mwitaji na kumnyamazisha yeye.

Kumtafuta mwitaji

Nimeanza na Windows, na chombo kilichonifaa zaidi ni Process Explorer, kimojawapo cha zana za Sysinternals ambazo Mark Russinovich na Bryce Cogswell walianza kuzitoa mwaka 1996, na ambazo zimekuwa mali ya Microsoft tangu mwaka 2006. Chombo hiki huonyesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa wakati huo, kwa mtindo wa mti, kila mmoja chini ya mzazi wake. Programu iliyoanzishwa kutoka folda ya kuanzia au kutoka funguo za Run (orodha za rejista za vinavyoanza mtu anapoingia) huwa chini ya explorer.exe, mchakato wa eneo-kazi la Windows. Iliyoanzishwa na ratiba huwa chini ya svchost.exe inayobeba huduma ya Schedule. Huduma zenyewe huwa chini ya services.exe. Kwa kuangalia mzazi peke yake, mtu hujua aelekee wapi na huepuka kuzimazima ovyo kila anachokiona kwenye orodha.

Ipo kasoro moja: mzazi akiwa amekwisha kufungwa, mti hauna la kuonyesha. Kwa hali hiyo nimewasha ukaguzi wa kuanza kwa michakato katika sera za usalama za Windows. Ukishawashwa, kila mchakato unaoanza huandikwa katika kumbukumbu ya matukio ya usalama kwa namba 4688, na katika Windows 10 na 11 rekodi hiyo hutaja pia jina la mchakato uliouanzisha. Kumbukumbu hii hujaa haraka, kwa hiyo nimeiwasha kwa muda wa uchunguzi tu na kuizima baada ya kupata nilichokitaka. Iliniwezesha kugundua kuwa dirisha moja la matangazo, ambalo watumiaji waliamini kuwa ni sehemu ya mfumo, lilikuwa likiitwa na programu saidizi iliyokuja na kompyuta kutoka kwa mtengenezaji wa mashine yenyewe.

Katika Linux uchunguzi ni mwepesi zaidi, kwa sababu amri ya systemctl --user status huchora mti wa kila kinachoendeshwa na akaunti iliyoingia, na jina la tawi mara nyingi hubeba jina la faili la .desktop lililoizindua programu. Katika macOS mti wa wazazi hausaidii sana: karibu kila programu huonekana kuwa mtoto wa launchd, mchakato namba 1 unaoanzisha mingine. Huko nimelazimika kuanzia kwenye orodha za vinavyoruhusiwa kuanza, na kuzipunguza moja baada ya nyingine.

Windows: folda, rejista na orodha ya kuanzia

Sehemu hii ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ndiyo yenye mambo ambayo ningependa kila anayehudumia kompyuta ayafahamu.

Zipo folda mbili za kuanzia. Moja ni ya mtumiaji mmoja na hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika shell:startup; nyingine ni ya watumiaji wote na hufunguliwa kwa shell:common startup. Katika kompyuta zetu folda hizi zilikuwa karibu tupu. Programu nyingi siku hizi hutumia rejista, katika ufunguo wa Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, ambao upo chini ya HKEY_CURRENT_USER kwa mtumiaji mmoja na chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE kwa mashine nzima. Katika Windows ya biti 64, programu za biti 32 huwa na ufunguo wao wa namna hiyo hiyo chini ya WOW6432Node, na watu wengi huusahau.

Jambo la kwanza linalomjia mtu akiona jina asilolitaka katika ufunguo wa Run ni kulifuta. Nimeamua kutofanya hivyo, na sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Programu nyingi huandika upya jina lao kila zinapofunguliwa au kusasishwa, kwa hiyo kilichofutwa leo hurudi kesho. Task Manager, zana ya Windows ya kusimamia programu zinazoendeshwa, hufanya kazi tofauti. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 ina kichupo cha programu za kuanzia, ambacho hapo awali kilikuwa katika msconfig (zana ya Windows ya mipangilio ya kuanza), na mtumiaji anapoizima programu katika kichupo hicho, jina lake halifutwi kwenye Run. Badala yake huandikwa alama katika ufunguo mwingine, Explorer\StartupApproved, yenye baiti 12: baiti ya kwanza ikiwa 02 programu imeruhusiwa, ikiwa 03 imezimwa, na baiti za mwisho hubeba wakati ilipozimwa. Programu ikiandika upya jina lake kwenye Run, alama ya kuzimwa hubaki palepale nayo haianzi. Kuzima kwa njia iliyokusudiwa kunadumu kuliko kufuta.

Hali ni hiyo hiyo, na kwa uwazi zaidi, kwa programu zinazotoka katika duka la Microsoft. Hizi kwa kawaida hazionekani kwenye Run, kwa kuwa hutangaza haja yao ya kuanza ndani ya faili la maelezo ya kifurushi chao. Mfumo huitunza hali ya kila moja, na mojawapo ya hali hizo ni ya kuzimwa na mtumiaji. Programu iliyo katika hali hiyo hairuhusiwi kujiwasha tena kwa msimbo wake yenyewe. Ni lazima mtumiaji airuhusu kwa mkono wake katika Mipangilio au katika Task Manager. Naiona kuwa kanuni nzuri sana, na ningetamani ingekuwa ndiyo kanuni ya kila programu katika kila mfumo.

Kwa hiyo katika kila akaunti nimepita kwenye Mipangilio, sehemu ya programu, kisha programu za kuanzia, ukurasa ambao umekuwepo tangu toleo la 1803 la Windows 10 la mwaka 2018. Nimezima programu ya mazungumzo, kicheza muziki, zana za matangazo za mtengenezaji wa mashine na wasaidizi wa masasisho wa programu ambazo hazitumiki. Safu inayoeleza athari za programu wakati wa kuanza imenisaidia kupanga vipaumbele. Athari huhesabiwa kuwa kubwa pale programu inapotumia zaidi ya sekunde 1 ya kichakataji au zaidi ya MB 3 za kusoma na kuandika kwenye diski wakati wa kuanza. Huwa ndogo pale inapotumia chini ya milisekunde 300 na chini ya KB 300. Katika kompyuta zenye kumbukumbu ndogo nimeanza na zenye athari kubwa. Hata hivyo, kwa mtumiaji asiyeona kigezo hicho hakitoshi, kwa kuwa programu yenye athari ndogo kabisa inaweza kumfungulia dirisha, na kwake dirisha hilo ni kikwazo kikubwa kuliko sekunde zilizopotea.

Vivinjari vinahitaji neno la pekee. Edge na Chrome vina uwezo wa kuendelea kufanya kazi chinichini hata baada ya dirisha la mwisho kufungwa, na Edge ina pia mpangilio unaoitayarisha mapema ili ifunguke haraka. Swichi zote zimo ndani ya mipangilio ya vivinjari vyenyewe, kwenye sehemu ya mfumo. Kwa kuwa kompyuta zetu zina akaunti nyingi, nimeziweka kwa njia ya sera: chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Edge nimeandika thamani mbili za aina ya DWORD (namba), StartupBoostEnabled na BackgroundModeEnabled, zote zikiwa 0. Sera huzigusa akaunti zote kwa mara moja, na kuiondoa ni kufuta thamani hizo mbili tu.

Ratiba na huduma

Baada ya hatua iliyotangulia, madirisha mengi yalikoma, lakini machache yaliendelea kutokea muda mfupi baada ya kuingia. Haya yaliitwa na ratiba. Katika PowerShell, dirisha la kuandikia amri la Windows, amri ifuatayo huorodhesha ratiba zote zinazosubiri mtu aingie katika akaunti:

Get-ScheduledTask | Where-Object { $_.Triggers.CimClass.CimClassName -contains 'MSFT_TaskLogonTrigger' }

Orodha hiyo huchanganya ratiba za mfumo na za programu, na si kila yenye jina geni ni adui. Nimesoma kila moja ni faili gani inaloliendesha, na nimezima kwa Disable-ScheduledTask zile tu ambazo mwisho wake ni dirisha au taarifa ya matangazo. Sikufuta hata moja. Ratiba iliyozimwa huonekana wazi kwa atakayekuja baada yangu. Iliyofutwa haiachi alama yoyote ya kwamba ilikuwepo.

Huduma nimezipita haraka. Huduma za Windows kwa kawaida hazifungui madirisha, kwa kuwa tangu Windows Vista huendeshwa katika kikao kilichotengwa na cha mtumiaji. Nimebadilisha chache tu, za zana za mtengenezaji wa mashine, kutoka kuanza zenyewe hadi kuanza zinapohitajika. Ushauri unaosambaa wa kuzima huduma kwa makumi ili kompyuta iende kasi siukubali: faida yake ni ndogo mno, na siku jambo litakapoharibika hakuna atakayejua ni huduma ipi iliyozimwa iliyolisababisha.

Madirisha yanayorudi baada ya kuwasha upya

Mtumiaji mmoja alilalamika kuwa programu aliyokwisha kuizima inarudi kila baada ya sasisho. Uchunguzi umeonyesha kuwa haikuwa ikianza kupitia orodha ya kuanzia. Windows 10 na 11 zina uwezo wa kukumbuka programu zilizokuwa wazi na kuzifungua tena mtu anaporudi katika akaunti yake, na tangu toleo la 2004 la Windows 10, lililotoka Mei 2020, jambo hili lina swichi yake katika Mipangilio, sehemu ya akaunti, chini ya chaguo za kuingia. Katika ukurasa huo huo ipo swichi nyingine inayouruhusu mfumo kutumia taarifa za kuingia za mtumiaji ili kukamilisha sasisho baada ya kuwasha upya. Nimezima zote mbili katika akaunti yake. Kwa watumiaji wanaopenda kukuta kazi zao zikiwa wazi kama walivyoziacha, nimeiacha ya kwanza. Hao wameomba wenyewe, na dirisha lililoombwa si tatizo la mradi huu.

Jambo la namna hiyo lipo pia katika macOS tangu toleo la 10.7 la mwaka 2011. Mtu anapozima au kutoka, kisanduku cha uthibitisho huwa na alama ya kufungua tena madirisha atakaporudi. Mtumiaji anayebofya haraka bila kusoma huiacha alama hiyo, na kesho yake hudhani kompyuta imejifungulia programu. Nimewaonyesha watumiaji mahali alama hiyo ilipo.

Vifaa vinavyochomekwa

Chanzo kingine cha madirisha ni simu, kamera na diski ndogo za USB. Hapa historia ina somo zito la usalama. Zamani Windows iliweza kuendesha programu iliyotajwa katika faili la autorun.inf mara tu diski ilipochomekwa, na mnyoo (programu hasidi inayojisambaza) wa Conficker, uliogunduliwa Novemba 2008, ulitumia njia hiyo kuwa mojawapo ya njia zake za kuenea. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, iliacha kuendesha programu kwa namna hiyo kutoka diski za USB, na mwaka 2011 marekebisho kama hayo yalipelekwa kwa matoleo ya zamani zaidi. Kilichobaki sasa ni kuuliza au kufungua programu iliyochaguliwa, kama vile ya picha. Nimekizima katika Mipangilio, kwenye vifaa, chini ya uchezaji wa kiotomatiki, kwa kuchagua kutochukua hatua yoyote kwa diski na kwa kadi za kumbukumbu.

Katika macOS, programu ya picha hufunguka simu inapounganishwa. Ndani yake, simu ikiwa imeunganishwa, kipo kisanduku cha kuamua kama ifunguke kwa ajili ya kifaa hicho, lakini uamuzi huo huhusu kifaa kimoja tu. Kwa kompyuta ya pamoja, ambako simu ni nyingi na hubadilika, amri hii moja hufaa zaidi kwa kila akaunti:

defaults -currentHost write com.apple.ImageCapture disableHotPlug -bool true

Kuirudisha hali ya awali ni kuandika amri hiyo hiyo yenye false mwishoni. Katika GNOME nimetumia gsettings set org.gnome.desktop.media-handling autorun-never true, na nimeiweka automount-open kuwa false ili folda ya diski isijitokeze juu ya kazi inayoendelea. Diski bado huunganishwa na huonekana katika kidhibiti cha faili. Mtu huifungua anapotaka.

macOS: vinavyoruhusiwa kuanza

Tangu toleo la 10.4 la mwaka 2005, kazi ya kuanzisha programu katika mfumo huu iko mikononi mwa launchd. Maelezo ya vinavyoanzishwa yamo katika folda za LaunchAgents na LaunchDaemons: zilizo chini ya Library ya mtumiaji, zilizo chini ya /Library kwa mashine nzima, na zilizo chini ya /System/Library ambazo ni za mfumo wenyewe. Ndani ya faili hizo, neno RunAtLoad lina maana kwamba kitu kianze mara maelezo yanapopakiwa, na KeepAlive lina maana kwamba kikifa kifufuliwe. Neno la pili ndilo linaloeleza kwa nini programu nyingine hurudi sekunde chache baada ya kufungwa kwa nguvu, hali inayowafanya watumiaji wengi waamini kuwa kompyuta yao imeambukizwa.

Toleo la 13 la mwaka 2022 lilileta ukurasa mmoja unaoonyesha vitu vya kuingia na vile vinavyoruhusiwa kufanya kazi chinichini, kila kimoja kikiwa na swichi yake, na humtaarifu mtumiaji programu mpya inapojiongeza. Nimemaliza sehemu kubwa ya kazi hapo. Kwa orodha kamili, zikiwemo zile zilizozimwa, amri ya sudo sfltool dumpbtm hutoa maelezo marefu ambayo nimeyahifadhi kama picha ya hali ilivyo kwa ajili ya ulinganisho wa baadaye.

Faili zilizo chini ya /System sikuzigusa. Tangu mwaka 2015 zinalindwa na kinga ya uadilifu wa mfumo, na kuizima kinga hiyo kwa ajili ya kuondoa usumbufu ni kubadilisha kero kwa hatari. Suala lililobaki lilikuwa la programu ya muziki, ambayo hufunguka mtu anapobonyeza kitufe cha kucheza, au vipokea sauti vya Bluetooth vinapotuma ishara ya kucheza, wakati hakuna kicheza sauti kingine kinachotumika. Mwitaji wake katika kompyuta zetu ni wakala (programu ndogo ya chinichini) anayeitwa com.apple.rcd. Mfumo unaruhusu mtumiaji kumzima wakala katika akaunti yake bila kugusa faili:

launchctl disable gui/$(id -u)/com.apple.rcd

Baada ya kutoka na kuingia tena, kitufe hicho hakiiti tena programu ya muziki. Kurudisha ni kuandika enable mahali pa disable.

Linux: folda mbili zinazopishana

Katika GNOME vitu vinavyojiwasha vimo katika /etc/xdg/autostart kwa watumiaji wote na katika ~/.config/autostart kwa mtumiaji mmoja. Kanuni ni rahisi na imeandikwa vizuri: faili lenye jina moja likiwepo katika folda zote mbili, la mtumiaji ndilo linalofuatwa, na likiwa na mstari wa Hidden=true, programu hiyo huhesabiwa kuwa haipo. Nimenakili faili la duka la programu na la vikumbusho vya kalenda kwenda katika folda ya mtumiaji na kuongeza mstari huo. Sasisho likibadilisha faili la mfumo, uamuzi wa mtumiaji unabaki.

Tahadhari moja ni ya lazima hapa. Faili nyingi katika folda ya mfumo hufichwa kwa NoDisplay=true zisionekane katika orodha ya kawaida, na mtu akizifichua atakutana na majina kama ya mtunza funguo za siri na ya zana za ufikivu. Hizo ni viungo vya mazingira yenyewe. Nimeziacha zote. Huduma moja ya akaunti iliyokuwa ikiitwa na programu nyingine, na kwa hiyo haikuathiriwa na folda hizi, nimeizuia kwa systemctl --user mask, inayoielekeza huduma hiyo kwenye /dev/null, mahali patupu pa mfumo, ili isiweze kuanzishwa na yeyote hadi ifunguliwe kwa unmask.

Kuondoa kabisa au kuzima tu

Baadhi ya watumiaji wameuliza kwa nini programu zisizotakiwa zisiondolewe kabisa. Katika Windows, amri ya Remove-AppxPackage huondoa kifurushi katika akaunti moja, lakini nakala ya asili hubaki ikisubiri kila akaunti mpya. Ili isiwekwe tena kwa akaunti zijazo hutakiwa pia Remove-AppxProvisionedPackage -Online, inayohitaji mamlaka ya msimamizi. Katika Windows 10 ya matoleo ya 1703 na 1709 vifurushi vilivyoondolewa viliweza kurudi baada ya sasisho kubwa. Tangu 1803 mfumo hukumbuka kilichoondolewa. Nimeondoa michezo na programu za majaribio pekee. Programu ya picha, kikokotoo na duka nimezizima tu pale zilipohitaji kuzimwa, kwa kuwa programu nyingine huzitegemea na watumiaji huzitafuta.

Mpaka kati ya mfumo na programu zinazokuja nao haujawahi kuwa jambo la kiufundi peke yake. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 katika kesi iliyohusu, pamoja na mengine, kicheza midia kilichofungwa ndani ya Windows, na mwaka 2013 ikaitoza euro milioni 561 kwa kutotimiza ahadi ya kuwapa watumiaji nafasi ya kuchagua kivinjari. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo wajibu wake kwa makampuni makubwa ulianza Machi 2024, huyataka yaruhusu programu zilizowekwa awali ziondolewe kwa urahisi, isipokuwa zile ambazo mfumo hauwezi kufanya kazi bila hizo. Ndiyo maana kompyuta zilizo katika eneo hilo zina kitufe cha kuondoa kivinjari ambacho kompyuta za kwingineko hazina, ingawa mfumo ni ule ule. Naamini kitufe hicho kilistahili kuwekwa kwa kila mtumiaji.

Baada ya sasisho kubwa

Kabla ya sasisho kubwa la Windows nilihifadhi orodha kamili kwa Autoruns, chombo kingine cha Sysinternals, ambacho hukusanya katika dirisha moja folda, funguo za rejista, ratiba, huduma na sehemu nyingine nyingi za kuanzia. Baada ya sasisho nimelinganisha hali mpya na faili lililohifadhiwa, na chombo kimeonyesha vilivyoongezeka. Vitu vilivyozimwa kupitia Task Manager vimebaki vimezimwa, na sera za kivinjari zimebaki zilivyo. Zimeongezeka ratiba moja ya kuingia na programu moja mpya yenye idhini ya kujiwasha. Zote nimezizima kwa njia zilizoelezwa hapo juu. Mistari ya rangi ya manjano, inayoashiria faili ambalo halipo tena, nimeiacha kwanza, kwa kuwa haifungui chochote.

Ulinganisho huu utafanyika baada ya kila sasisho kubwa, katika mifumo yote mitatu, na matokeo yataandikwa humu. Programu ya kuhifadhi faili mtandaoni imeachwa ijiwashe bila dirisha katika akaunti za wale walioiomba, na majina ya akaunti hizo yamo katika jedwali la kazi ili atakayefanya ukaguzi ujao asiizime.